SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: UVUJAJI WA PETROLI KATIKA KABURETA

Watumishi wenye dhamana ya vyombo vya moto, pamoja na wananchi wanaomiliki pikipiki za magurudumu mawili au manne, wanakumbushwa kwamba petroli inayodondoka chini ya kabureta si jambo la kuvumiliwa. Wengi huweka kopo chini ya chombo wakati wa usiku, na asubuhi huendelea na safari kama kwamba hapana lililotokea. Wengine hugonga kabureta kwa mpini wa bisbisi mpaka tone likatike. Kugonga huku huweza kuzuia uvujaji kwa siku moja au mbili, lakini chanzo chake hubaki palepale.

HATARI ZAKE

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa juu ya ardhi, hujikusanya mahali pa chini, na huweza kushika moto kutokana na cheche ya swichi au jiko la mkaa lililo mbali kidogo na chombo chenyewe.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Petroli inayozidi ndani ya kabureta huweza kuingia katika silinda, ikapita pembeni mwa pistoni na kuchanganyika na oili. Oili hiyo huwa nyepesi, nayo injini husagika. Kwa hiyo, kila panapotokea uvujaji, oili ipimwe kwanza. Ikionekana imepanda kupita kiwango chake, au ikinuka petroli, injini isiwashwe mpaka uvujaji uondolewe na oili ibadilishwe.

KABURETA INAVYOFANYA KAZI

Petroli hushuka kutoka kwenye tangi na kuingia katika bakuli la kabureta. Ndani ya bakuli mna boya lililounganishwa na sindano ndogo. Petroli inapofikia kiwango chake, boya huelea na kuisukuma sindano, nayo huziba tundu la kuingizia petroli. Ni mfano wa boya la tangi la maji la nyumbani, ambalo hufunga bomba tangi linapojaa. Sindano isipoziba sawasawa, petroli huendelea kuingia mpaka ikafurika.

KUTAMBUA CHANZO

Kabureta ipanguswe mpaka ikauke, kisha koki ya petroli ifunguliwe na tone liangaliwe linapoanzia:

(a) Likitoka katika mrija wa kumwagia petroli ya ziada, kasoro imo katika sindano au boya. Na katika baadhi ya kabureta, huenda ni ufa katika mrija uliosimama ndani ya bakuli.

(b) Likitoka katika maungio ya bakuli, gasketi imechakaa au skrubu zimelegea.

(c) Likitoka chini ya bakuli, skrubu ya kumwagia haikukazwa, au ringi yake ya mpira imekatika.

(d) Likitoka juu ya kabureta, mpira unaoleta petroli umepasuka au kibano chake kimelegea.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Chombo kiwekwe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto na sigara. Injini iachwe ipoe, koki ifungwe, na waya hasi wa betri ufunguliwe.

2. Petroli iliyomo katika bakuli imwagwe ndani ya chupa safi na kutazamwa. Maji hukaa chini ya petroli. Yakionekana, au pakiwa na mchanga au kutu, tangi na chujio navyo visafishwe.

3. Bakuli lifunguliwe, pini ya boya itolewe taratibu, na boya litolewe pamoja na sindano yake.

4. Ncha ya sindano itazamwe kwenye mwanga. Ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, sindano hiyo haifai tena na ibadilishwe. Tundu ambalo sindano hukalia lisafishwe kwa kijiti chenye pamba. Lisikwanguliwe kwa waya wala msasa, kwani mkwaruzo mdogo huwa njia mpya ya petroli.

5. Boya litikiswe karibu na sikio. Ikisikika petroli ndani yake, boya limetoboka na haliwezi kuelea inavyopasa, libadilishwe.

6. Gasketi iliyokakamaa iwekwe mpya. Gundi ya silikoni ya kawaida isitumiwe, kwa kuwa petroli huilainisha, na vipande vyake huziba matundu ya kabureta.

7. Baada ya kufunga, koki ifunguliwe na chombo kiachwe dakika 10 bila ya kuwashwa. Sehemu zote zikibaki kavu, kazi imekamilika. Tone likirejea, chombo kipelekwe kwa fundi ili kiwango cha boya kipimwe.

TAHADHARI

Petroli isifyonzwe kwa mdomo, kwani ikiingia katika mapafu huweza kuua. Aidha, petroli chafu isimwagwe ardhini. Katika kisiwa chenye miamba ya matumbawe, kinachomwagwa juu huteremka upesi mpaka kwenye maji ya visima tunayokunywa. Ihifadhiwe katika kidumu chenye kifuniko na kukabidhiwa karakana.

Inashauriwa pia koki ifungwe kila chombo kinapolazwa, na chombo kitakachokaa zaidi ya mwezi mmoja bila ya kutumika kimwagwe petroli ya bakuli, kwani ikikauka humo huacha utando unaonata unaoizuia sindano kufunga. Dereva anayekuta tone chini ya chombo aliandike siku hiyohiyo katika daftari la chombo, wala asimwachie mwenzake alikute. Sindano ni kitu kidogo na bei yake ni ndogo. Injini iliyosagika, au nyumba iliyoungua, hailipiki kwa bei hiyo.