Fedha Mkononi mwa Maskini: Barua za Pwani Zajibiwa

Barua za safari hii zimetoka Misugusugu, Mlandizi na upande wa Kisarawe, na karibu zote zinahusu ruzuku ya kaya maskini inayotolewa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Anayetaka kujua ofisi iko wapi au dirisha lijalo la malipo ni lini amuulize mtendaji wa mtaa wake. Hapa nachukua yale yanayonikera na yale yanayonitia hofu.

Ukimpa maskini fedha taslimu, si ataishia kilabuni? Kwa nini asipewe unga na sukari?
*(Barua kadhaa zenye swali hilihili, nimeziunganisha)*

Neno hili nalisikia kwenye daladala, kwenye vikao, hata vinywani mwa viongozi ambao kazi yao ni kujua zaidi. Nitalijibu kwa kirefu, maana ndilo linalowaumiza walengwa kuliko njaa yenyewe.

Jambo hili limekwisha kupimwa. Watafiti wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilizoangalia pombe na tumbaku katika kaya zinazopewa fedha. Kwa ujumla unywaji na uvutaji haukuongezeka, na mahali pengi ulipungua.

Lakini kwa nini twende mbali? Kibaha yenyewe ni shahidi. Kabla mpango huu wa TASAF haujaenea nchi nzima, ulijaribiwa Kibaha, Bagamoyo na Chamwino, na malipo yakaanza Januari 2010. Vijiji 80 viligawanywa kwa kura: 40 vikaanza kupokea, 40 vikasubiri, ili tofauti ionekane bila ubishi. Kaya ilipata kati ya dola 12 na 36 za Marekani kila baada ya miezi miwili, kwa shilingi zetu. Baada ya miaka zaidi ya miwili watafiti walipita nyumba kwa nyumba. Kwa waliopokea walikuta mbuzi na kuku wa kienyeji wengi zaidi. Walikuta watoto waliovaa viatu, kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto wadogo wasiougua kama zamani, na watoto wengi zaidi waliomaliza darasa la saba. Kliniki nazo zina habari yake: mwanzoni kaya hizi zilikwenda mara nyingi zaidi, baadaye mahudhurio yakashuka, na sababu mojawapo ni kwamba afya zao zilikuwa zimeimarika.

Mlevi yupo, sikatai. Yupo Misugusugu na yupo kwenye maghorofa ya Dar es Salaam, na huyu wa maghorofa hakuna anayependekeza mshahara wake ulipwe kwa unga. Mama mwenye watoto wanne, anayejua kwamba hakuna shilingi nyingine hadi miezi miwili ipite, huipanga fedha hiyo kabla haijafika mkononi.

Kuhusu huo unga: unataka lori, ghala, mlinzi na karani, na kila unapopita unapungua. Ukifika, bado mwenye mgonjwa anahitaji nauli ya kwenda hospitali ya Tumbi, na kondakta hapokei unga. Atauuza kwa bei ya kutupa. Huo ndio upotevu ambao mngepaswa kuuandikia barua.

Bibi yangu yumo kwenye mpango, lakini bado ni maskini. Fedha kidogo hivi inabadili nini hasa?
*(Kijana wa Misugusugu)*

Nakushukuru kwa kuuliza bila kejeli, mwanangu. Fedha ni kidogo kweli. Mpango ulipozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Agosti 2012, kiwango cha msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na kaya yenye watoto wengi shuleni haikuweza kuvuka 38,000. Fedha ya kiasi hicho haimtajirishi mtu. Hata yale majaribio ya Kibaha hayakuonyesha kwamba jumla ya chakula nyumbani iliongezeka sana.

Badiliko liko kwingine, kwenye hofu ya kesho. Mwenye duka anapojua kwamba bibi yako ana malipo yanayokuja, anamkopesha sukari na mafuta ya taa. Zamani alimgeuzia kisogo. Msimu wa palizi ukifika, bibi anaweza kulima mihogo yake kwanza badala ya kwenda kibarua kwenye shamba la mtu ili apate mlo wa jioni, huku magugu yakimeza shamba lake. Mtoto akipata homa usiku, hauzwi mtetea anayetaga. Kuku huyo akibaki, mayai yanabaki, vifaranga vinabaki. Katika majaribio ya Kibaha, nusu ya kaya zilizokuwa hoi kuliko nyingine ndizo zilizoongeza akiba, na akiba hiyo ilikaa nje ya benki. Mwangalie bibi yako kwa macho hayo, kisha uniandikie tena.

Tumeambiwa ni fedha za Freemason, na ukizipokea unatoa mtoto.

Ni uongo. Uvumi kama huo ulienea Homa Bay, Kenya, shirika la GiveDirectly lilipokuwa likigawa fedha huko takriban miaka kumi iliyopita. Karibu nusu ya kaya zilizofikiwa zilikataa, na jirani zao waliopokea wakaezeka bati. Aliyewaambia hayo mtazameni vizuri: mara nyingi ana dawa ya kuuza au maombezi ya kulipia.

Natakiwa nitoe elfu kumi ili jina langu liingizwe. Nitoe?

Usitoe hata senti. Kuandikishwa hakuna ada. Kamripoti aliyekuomba kwa mkurugenzi wa halmashauri au TAKUKURU.

Fedha zikimwagwa kijijini, bei za sokoni hazitapanda kwa sisi tusiopata?
*(Mfanyabiashara, Maneromango)*

Siaya, Kenya, kaya zaidi ya 10,000 katika eneo la vijiji 653 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, kiasi ambacho TASAF haijawahi kukikaribia. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu. Waliofaidi pamoja na waliopewa ni wenye maduka, mafundi na jirani wasiopewa chochote, kwa sababu fedha ilizunguka. Wewe ni mfanyabiashara. Weka daftari na madumu dukani.

Nimekatwa fedha kwa sababu mtoto hakuhudhuria shule. Je, ni haki?
*(Nimeunganisha na barua za waliocheleweshewa malipo)*

Mama, sharti la mahudhurio ya asilimia 80 lipo tangu majaribio, na nia yake ni njema. Lakini anayelisimamia aulize kwanza kwa nini mtoto hakufika. Kama alikuwa mgonjwa, au mto ulijaa, au mwalimu hakuandika daftari la mahudhurio, kukata fedha ni kumwadhibu mwenye njaa kwa kosa la mwingine. Peleka cheti cha kliniki kwa kamati ya jamii, udai marekebisho.

Na hapa niseme na watendaji. Mnawasihi walengwa wasibweteke, wafuge, waweke akiba kwenye vikundi. Haya yote yanategemea tarehe. Malipo yakichelewa, mama anakopa kwa riba, na dirisha linapofunguliwa fedha yote inaishia kwa mkopeshaji. Kuku mnaowataka hawatanunuliwa. Kama kuna ucheleweshaji, tangazeni mapema kwa mtendaji na msikitini na kanisani. Kunyamaza ni uzembe, na anayelipia uzembe huo ni mtoto.

Jina lililoandikwa ni la mke wangu. Nifanyeje libadilishwe liwe langu?

Liache hapo lilipo, ndugu yangu.

Baba yetu ana miaka 74, hana kitu, hakuibuliwa kwenye mkutano. Jirani mwenye nyumba ya bati na bodaboda mbili yumo. Tukalalamike wapi?
*(Barua kadhaa za Kisarawe)*

Majina huibuliwa kwenye mkutano wa hadhara, kaya zinajaza dodoso, kompyuta inachambua, kisha orodha inarudi mkutanoni kuthibitishwa. Mkutano huo wa mwisho ndio mahakama yenu, na wengi hamuendi. Siku ikitangazwa nendeni na mzee, simameni, mtajeni kwa jina, semeni anavyoishi. Mkishindwa, andikeni malalamiko kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri na mbaki na nakala yenye mhuri.

Kuhusu wazee nina msimamo. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyefikisha miaka 70 analipwa pensheni na Serikali bila kuulizwa ana mali gani. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuna dodoso, hakuna jirani wa kumwonea wivu. Baba yenu angekuwa Pemba asingehitaji mkutano. Bara tunaweza kufanya hivyo, na wabunge wa Kisarawe na Kibaha waulizwe swali hili kila wanapokuja kuomba kura.