Maji ni Adui wa Barabara

Vijiji vingi vya pwani ya Tanzania vina barabara za udongo. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Barabara mbovu hukatika. Gari halifiki, samaki huoza. Mama mjamzito hubebwa kwa machela mpaka zahanati.

Nani huharibu barabara? Wengi husema ni magari. Lakini adui mkubwa ni maji. Maji yakisimama njiani, udongo hulainika. Gari likipita, hufanya shimo.

Ndugu wanakijiji, yaondoeni maji! Kabla ya masika, fanyeni hivi:

1. Inueni katikati ya barabara, iwe kama mgongo. Kutoka katikati kwenda ukingoni, kila mita moja ishuke sentimita 5.
2. Zibueni mitaro na makalavati. Tope la mtaroni msilirudishe barabarani.
3. Penye shimo, toeni maji na tope. Jazeni changarawe yenye unyevu kidogo. Shindilieni kila tabaka. Msijaze mchanga mtupu wa ufukoni, kwa kuwa haushikani.

Je, kalavati limebomoka? Toeni taarifa kwa serikali ya kijiji. Tangu 2017, TARURA ndiyo yenye kazi ya kutunza barabara za vijijini. Lakini mtaro ulioziba hauhitaji kungoja. Unahitaji jembe na koleo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Kwa nini katikati ya barabara huinuliwa?
2. Mtaro upi kijijini kwenu umeziba? Mtauzibua lini?