Nani Aliyeulisha Msafara? Ziara ya Mafunzo ya Siku Nne Katika Njia ya Zamani ya Tabora

Mji wa Tabora umesimama juu ya uwanda wa Unyamwezi, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika karne ya 19 hapa palikuwa njia panda ya biashara ya Afrika Mashariki. Njia moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na nyingine ilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Vitabu vya historia huitaja Tabora aghalabu kwa sababu ya wageni waliopita: Burton na Speke waliofika mwaka 1857, Stanley aliyefika mwaka 1871, na Livingstone aliyekaa Kwihara mwaka 1872.

Wageni hao wote walikula chakula, na mizigo yao yote ilibebwa na mabega ya watu. Ni nani waliobeba, na ni nani waliowalisha wabebaji? Makala haya yanapendekeza ziara ya siku nne ambayo shule ya sekondari yaweza kuifanya ili kulitafutia swali hilo jibu. Ziara hii inahusu historia, lakini njia zake ni za sayansi: kupima, kuhesabu, kulinganisha, na kutokubali habari yoyote kabla ya kuuliza ushahidi wake.

1. Hesabu kabla ya safari

Kazi ya kwanza hufanyika darasani. Burton aliandika kwamba aliingia Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, baada ya mwendo wa maili 600 hivi, yaani kilomita 960. Mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kubeba mzigo wa kilo 30 hivi, na pengine zaidi. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, ambacho kwa makadirio ni gramu 700.

Tuchukue msafara wa wapagazi 500. Mizigo yao yote ni kilo 15,000, yaani tani 15. Iwapo wanakwenda kilomita 16 kila siku bila kupumzika, watafika Tabora kwa siku 60. Kwa siku hizo watakula kilo 500 × 0.7 × 60, yaani tani 21. Chakula kinauzidi uzito wa bidhaa zenyewe! Na kama safari itachukua siku 134, kama ilivyokuwa kwa Burton, chakula kitakuwa karibu tani 47, zaidi ya mara tatu ya mizigo yote.

Hesabu hii fupi yafichua jambo kubwa. Msafara haukuweza kubeba chakula chake. Ulitegemea mashamba yaliyokuwa kando ya njia, na ulipofika mahali penye njaa ulikwama au ulivunjika. Kwa hiyo njia ya misafara ilikuwa pia mfululizo wa mashamba, visima na masoko ya nafaka, kutoka Uzaramo hadi Ujiji. Aliyelima ziada ya mtama ndiye aliyewezesha pembe ya ndovu kufika pwani.

2. Siku ya kwanza: mjini Tabora

Ziara ianze kwenye stesheni ya reli. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja la mizigo lilitosha kubeba tani 15, yaani kazi ya wapagazi wetu 500. Wanafunzi wajadili maana ya badiliko hilo kwa kijana wa Kinyamwezi ambaye baba yake na babu yake walijipatia nguo, shanga na ng'ombe kwa ujira wa upagazi.

Hata hivyo reli haikumaliza upagazi siku moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya pande zote yalirudia mabega ya watu kila yalipoiacha reli. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi lililokuwa chini ya Wabelgiji liliingia Tabora. Askari wake wengi walikuwa Waafrika kutoka Kongo, na risasi zao na chakula chao vilibebwa na maelfu ya wapagazi.

Kutoka stesheni kundi liende kulitazama boma la Wajerumani kwa nje, na kabla ya kupiga picha ni lazima kuomba ruhusa ya wahusika. Mbele ya boma wakumbushwe habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe. Ngome yake iliposhambuliwa na Wajerumani mwezi Januari 1893, alikataa kutekwa, akajilipua kwa baruti.

Jioni wachunguze miembe mikubwa ya Tabora. Asili ya mwembe ni Asia ya Kusini, nao ulifika bara kutoka pwani. Masimulizi mashuhuri husema kwamba miembe ya njiani iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Je, yawezekana? Kokwa ya embe haivumilii kukauka. Kwa kawaida hufa baada ya wiki chache. Basi ni vigumu kuamini kwamba kokwa moja ilitoka pwani ikachukua miezi minne na kuota Tabora. Lakini yawezekana kabisa kwamba mwembe ulisafiri kwa vituo: kokwa ikapandwa kituo cha kwanza, mti ukazaa, embe zake zikaliwa na kokwa zikapelekwa kituo cha pili. Hapo masimulizi hayatupwi, bali yanasahihishwa. Jaribio la kulipima wazo hili limeelezwa mwishoni.

3. Siku ya pili: Kwihara

Kwihara ni kilomita chache kutoka mjini. Hapa ndipo lilipo tembe linalojulikana kwa jina la Livingstone. Jengo linaloonekana leo lilijengwa upya katika karne ya 20, na mwalimu awaeleze wanafunzi hivyo waziwazi, kwa maana jengo lililojengwa upya ni ushahidi wa namna mbili: wa zamani linazoziiga, na wa fikra za watu walioliiga.

Tembe ni nyumba ya mstatili yenye ua katikati, kuta nene za udongo, na paa bapa la miti lililofunikwa udongo. Wanafunzi wapime joto ndani na nje saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni, kisha wachore grafu. Wataona kwamba joto la ndani hupanda polepole na kushuka polepole, kwa kuwa udongo mnene huchukua muda kupokea joto na muda kulitoa. Mjenzi wa kale hakuwa na kipimajoto, lakini kanuni hiyo aliijua.

Habari ya Kwihara inayosimuliwa sana ni ya Livingstone na Stanley, waliofika hapa kutoka Ujiji mwezi Februari 1872. Hebu isomwe upya kwa jicho la ziara hii. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki Kwihara hadi tarehe 25 Agosti, yaani siku 164. Alikuwa akingoja nini? Alikuwa akingoja wapagazi, ambao Stanley aliahidi kumwajiria pwani. Mtu aliyesifiwa ulimwenguni kwa kusafiri hakuweza kuondoka mpaka walipofika watu zaidi ya hamsini wa kumbebea. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliibeba maiti yake, wakapita tena Unyanyembe, na kuifikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874. Majina ya baadhi yao yameandikwa. Majina ya waliowauzia mtama njiani hayapo popote.

Jambo hili si la Tabora peke yake. Huko Kambodia, katika Bara la Asia, mahekalu ya Angkor yaliyojengwa na wafalme wa Wakhmer yamedumu kwa karne nyingi kwa sababu yalijengwa kwa mawe. Nyumba za watu waliochonga mawe hayo na kulima mpunga uliowalisha zilikuwa za miti na majani, nazo zilioza zamani. Mgeni asiyefikiri huondoka akidhani kwamba Angkor ilikuwa mahekalu matupu. Hali kadhalika, udongo wa Unyamwezi humomonyoka kila msimu wa mvua. Kilichobaki si lazima kiwe ndicho kilichokuwa muhimu zaidi.

4. Siku ya tatu: Itetemia na vijiji vya jirani

Itetemia yalikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe wa ukoo wa Fundikira. Katika ukoo huu alizaliwa Abdallah Fundikira, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa kwanza wa Tanganyika huru. Uhusiano wa watemi na wafanyabiashara wa pwani ulikuwa wa karibu: baba yake Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alioa binti wa Fundikira wa wakati ule. Tippu Tip mwenyewe aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Shule itakayoyapata maandishi hayo itaweza kuyalinganisha na ya akina Burton.

Siku hii ndiyo moyo wa ziara, maana wanafunzi hukutana na watu, si majengo. Wagawanyike katika vikundi vidogo. Kikundi kimoja kizungumze na wakulima wazee, hasa akina bibi, juu ya mtama, uwele, mihogo na mpunga: hupandwa lini, huhifadhiwaje, debe moja hulisha watu wangapi kwa siku ngapi. Kikundi cha pili kiwaone warina asali na mizinga yao katika misitu ya miombo, kwani asali na nta ya Unyamwezi ni mali ya tangu kale. Kikundi cha tatu kichore kalenda ya mwaka. Mvua za Tabora huanza kwa kawaida Novemba na kukoma Aprili. Vijana wengi wa Kinyamwezi walishuka pwani wakati wa kiangazi na kurudi kulima. Palipotokea safari iliyochelewa, jembe lilibaki mikononi mwa wanawake.

Lipo jambo jingine ambalo lisifichwe kwa sababu linatia uchungu. Sehemu ya chakula kilichouzwa Unyanyembe ililimwa na watumwa, waliomilikiwa na wafanyabiashara wa pwani na pia na wenyeji wenye mali. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliolipwa, lakini katika njia hiyohiyo walipita mateka waliofungwa. Mwanafunzi ajifunze kutofautisha makundi hayo mawili, wala asilifute mojawapo kwa ajili ya jingine.

5. Siku ya nne: Urambo

Magharibi mwa Tabora ipo nchi ya Urambo, yenye jina la Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na Stanley alilazimika kuzunguka kwa kusini. Wanafunzi wachore ramani ya mzunguko huo, waone jinsi mtawala mmoja aliyeishika njia alivyoweza kubadili bei ya pembe mbali na kwake.

Urambo pana somo jingine. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, fedha nyingi zikatumika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha kabla ya kuanza. Nchi ambayo wakulima wa jembe la mkono walikuwa wamelisha misafara kwa miaka mingi ilishinda mitambo ya watu ambao hawakuwauliza wakulima hao neno.

6. Mambo ya kuchunga

Barua ya kuomba ruhusa ipelekwe mapema kwa serikali ya kijiji na kwa wahusika wa mambo ya kale. Mzee anayehojiwa asalimiwe kwanza kwa lugha yake, "Mwangaluka" ikiwa ni asubuhi, na maswali yafuate baada ya kujuliana hali. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na mahali, na nakala irudishwe kijijini. Vigae, shanga na vyuma vya kale visiokotwe: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na kigae kilichoondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari yake.

Njia hii ya misafara, yenye vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, iliingizwa na Tanzania mwaka 2006 katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Kuta zaweza kujengwa upya. Kumbukumbu ya bibi aliyesikia kwa bibi yake habari za kuuza mtama kambini haijengwi upya. Akiondoka, huondoka nayo. Shule zilizo karibu na njia hii zina nafasi ya kuandika sasa, na wino na daftari vyatosha kwa kazi hiyo.

7. Maswali na mazoezi

(a) Rudia hesabu ya sehemu ya 1 kwa msafara wa watu 200 na mwendo wa kilomita 12 kwa siku. Je, uwiano wa chakula na mizigo umebadilika? Kwa nini?

(b) Chukua kokwa 40 za embe. Panda 10 siku ileile, 10 baada ya wiki mbili, 10 baada ya wiki nne, na 10 baada ya wiki nane zikiwa zimewekwa kivulini. Hesabu zilizoota kila fungu, na ueleze matokeo yanasema nini juu ya masimulizi ya miembe ya njiani.

(c) Burton alitumia siku 134 kwa safari ambayo kwa mwendo wa kilomita 16 kwa siku ingechukua 60. Taja sababu nne zinazoweza kueleza tofauti hiyo, na kwa kila moja useme ungetafuta ushahidi gani.

(d) Iwapo ungepewa kibao kimoja cha kuandika mbele ya tembe la Kwihara, chenye nafasi ya maneno 40 tu, ungewataja nani? Tetea uchaguzi wako mbele ya darasa.