Madume Tasa Walivyomaliza Mbung'o Unguja

Mtu akiambiwa kwamba Unguja iliondolewa mbung'o kwa kuletewa mbung'o wengine, tena kwa ndege, yamkini atacheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa kuanzia mwaka 1994.

Kwanza tutazame uzazi wa mdudu huyu. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wa jikoni. Jike hulea buu mmoja tumboni mwake, humzaa baada ya siku 9 au 10 hivi, na buu huyo hujichimbia udongoni mpaka atoke na mabawa. Tena, na hili ndilo kubwa, jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, angali kijana. Mbegu za dume huyo huziweka akiba mwilini na kuzitumia maisha yake yote. Basi akipandwa na dume mwenye mbegu mbovu, hatazaa kamwe.

Mmarekani Edward Knipling ndiye aliyeifikiri njia hii, kwa ajili ya nzi ambaye mabuu yake hula nyama ya ng'ombe aliye hai. Mwaka 1954 nzi hao walimalizwa katika kisiwa cha Curaçao.

Tufanye hesabu. Tuseme msituni mna majike 100 na madume 100. Tukiachilia madume tasa 900, katika kila majike 10 ni mmoja tu atakayepata dume mzima. Kizazi kijacho watabaki kama majike 10 na madume 10. Tukiachilia 900 tena, sasa ni tasa 90 kwa kila mzima mmoja! Sumu haiko hivyo: adui wakiwa wachache, kuwatafuta ni kazi zaidi. Dume humtafuta jike mwenyewe, hata kichakani tusikofika.

Lakini ubao si msitu. Dume tasa asipoweza kuposa, hesabu yote ni bure. Mionzi ikizidi humdhoofisha. Ikipungua, mbegu husalia hai. Kwa nzi wa matunda wa jamii ya Ceratitis taabu ni kubwa zaidi, maana madume hukusanyika majanini, hutoa harufu na kupepea mabawa, na jike huchagua. Aliyelelewa kiwandani akicheza vibaya, hukataliwa. Dume wa mbung'o hana madaha hayo. Hungoja karibu na mnyama, na jike akija kunywa damu humrukia.

Unguja, mbung'o wa aina ya Glossina austeni walieneza nagana kwa ng'ombe. Walipunguzwa kwanza kwa kuwapaka ng'ombe dawa na kutundika vitambaa vya buluu vyenye sumu, lakini katika misitu kama Jozani walisalia. Ndipo madume wakazalishwa Tanga, wakilishwa damu ya ng'ombe kupitia utando, wakapigwa mionzi, wakapozwa kwa baridi wasirukeruke, wakatiwa katika maboksi na kumwagwa kutoka angani. Walipakwa rangi, ili wakinaswa mitegoni wajulikane. Jumla yao walizidi milioni 8. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Hata hivyo madume tasa waliendelea kuachiliwa mpaka mwisho wa 1997, kwa tahadhari.

Bahari nayo ilisaidia, na Pemba haikuwa na mbung'o. Bara, ambako pori huungana na pori, eneo lililosafishwa huweza kuvamiwa tena na mbung'o wa jirani.