Jezi Nayo Huhubiri

Neno kuu: Kumbukumbu la Torati 6:6-9

Jumapili tulisoma maagizo ambayo Musa aliwapa wazazi wa Israeli. Neno la Mungu likae mioyoni mwao kwanza, kisha wawafundishe watoto wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, wakilala na wakiamka. Walifunge mkononi, waliandike mlangoni. Musa alijua kwamba kitu unachokiona kila siku kinakufundisha, hata kama hujaketi darasani.

Nilisomea biashara chuoni, na niwaambie ukweli: watengenezaji wa bia wanaitumia njia hii ya Musa kuliko wengi wetu.

1. Mdhamini hagawi, ananunua

Carlsberg ya Denmark ilikaa kifuani mwa Liverpool tangu 1992 hadi 2010. Hiyo ni miaka 18. Mtoto aliyezaliwa 1992 alifikisha umri wa kuruhusiwa kunywa bila kuona msimu hata mmoja wa Liverpool usio na jina la bia kwenye jezi. Everton nao walivaa Chang, bia ya Thailand, tangu 2004 hadi 2017. Na ilipotoka, nani aliingia? SportPesa, kampuni ya kamari kutoka hapa kwetu Kenya. Tangu msimu wa 2024/25, Guinness ndiyo bia rasmi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Na kiwanda cha bia kiko hapo tu Ruaraka, ukishuka Thika Road kutoka Ruiru.

Kampuni hizi hazilipii kitambaa. Zinalipia ile furaha yako timu yako ikifunga goli, ili jina lao likae karibu na furaha hiyo.

2. Mtoto hasomi sheria, anasoma kifua

Sheria yetu ya 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Uingereza wenyewe, kampuni za pombe zilikubali majina yao yasiwekwe kwenye jezi za watoto. Lakini mtoto wa Makongeni anavaa ile mama aliyopata kwenye mitumba. Sisemi mpira ni dhambi. Mechi hata mimi natazama. Nasema mzazi ajue ni nani anamfundisha mtoto wake kwa dakika 90.

3. Anayekataa lazima agharamie

Vijana wetu wa Ruiru waliletewa ofa ya jezi kamili na mwenye baa mmoja, jina la baa likiwa mbele. Wengine wakaniuliza, "Pasta, si ni kitambaa tu?" Nikawajibu, kama ni kitambaa tu, mbona yeye anakilipia? Katika timu ile kuna kijana ambaye mshahara wa baba yake huishia baa kabla haujafika nyumbani. Tungemvalishaje jina hilo kifuani?

Tulikataa kwa heshima. Lakini vijana bado wanacheza na fulana za rangi tofauti, na wenzao wanawacheka. Wapendwa, hapo ndipo kuna kazi. Kanisa likisema "hapana" kisha likafunga mkono, vijana watamsikiliza anayefungua mkono. Paulo anatukumbusha katika 1 Wakorintho 6:19-20 kwamba sisi si mali yetu wenyewe, tumenunuliwa kwa bei. Yesu alilipa. Nasi tulipie tunachokihubiri, hata kama ni jezi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
- Ni majina gani ya kampuni ambayo mtoto wako anayajua kuliko mistari ya Biblia?
- Ni wapi tunawakataza vijana jambo bila kuwapa kitu kingine mahali pake?
- Ushirika wako wa nyumbani, Thika au Ruiru, unaweza kununua jezi ngapi?

Tuombe: Baba, tusaidie Neno lako lionekane nyumbani mwetu kila siku. Fungua mikono yetu kwa ajili ya vijana. Katika jina la Yesu, amina.