Uyoga hula kabla ya kuzaa: somo kwa mkulima wa chai

Mkulima wa chai wa Kericho na Bomet anaijua kuvu, na hana sababu ya kuipenda. Miti ikiangushwa na visiki vikaachwa ardhini, kuvu aina ya armilaria hujificha kwenye mizizi iliyobaki, kisha huhamia kwenye mizizi ya michai. Majani hugeuka manjano, mchai hunyauka, na ukiung'oa utaona utando mweupe chini ya ganda la mzizi. Ndiyo sababu wakulima hushauriwa kuubambua mti ganda kwa kuuzunguka muda mrefu kabla ya kuuangusha, na kung'oa visiki vyote.

Basi mkulima kama huyo akiambiwa alime uyoga nyumbani, ana haki ya kuuliza: je, si ninajiletea ugonjwa shambani? Swali hilo ni zuri. Jibu lake ndilo msingi wa kazi yote ya uyoga, kwa kuwa anayeelewa uyoga unakula nini na unakula vipi hatapoteza mifuko yake ovyo.

Uyoga hula nini?

Uyoga si mmea. Hauna rangi ya kijani ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mwili wake hasa ni nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa ndani ya chakula chake. Kile tunachochuma na kupika ni tunda tu, kama embe lilivyo kwa mwembe.

Sisi humeza chakula kisha tukakisaga tumboni. Kuvu hufanya kinyume: nyuzi zake hutoa vimeng'enya vinavyosaga chakula nje, kisha hufyonza utamu uliopatikana. Uyoga wa oista, ulio rahisi zaidi kwa anayeanza, una vimeng'enya vyenye uwezo wa kuvunja lignini, yaani kile kitu kigumu kinachoupa mti na bua uimara wake. Hata ng'ombe mwenye matumbo manne hashindi lignini.

Hapo ndipo oista hutofautiana na armilaria. Armilaria hushambulia mizizi iliyo hai. Oista tunayolima hulishwa vitu vilivyokwisha kufa: mabua na magunzi ya mahindi, maganda ya maharagwe, nyasi ya ngano kutoka upande wa Narok, makapi ya miwa kutoka Soin na Sigowet. Si yenyewe inayooza mizizi ya chai. Mkulima anaweza kuilima bila hofu hiyo.

Wapinzani mezani

Mabua yanayofaa oista yanafaa pia kuvu nyingine, na adui mkubwa ni ukungu wa kijani. Huu hukua haraka kuliko oista. Ukitangulia mezani, oista hukosa chakula na mfuko wote huharibika.

Ndiyo maana tunapika mabua kabla ya kupanda. Yakate vipande vifupi vya urefu wa kidole, yaloweke usiku kucha kwenye maji safi, kisha yapike pipani. Maji ya nyuzi joto 70 hadi 80 kwa saa 1 hadi 2 yanatosha, mradi joto hilo lifike katikati ya lundo. Anayepunguza muda ili kuokoa kuni hulipia baadaye.

Yachuje, kisha kamua konzi moja kwa nguvu. Yakitoa matone machache tu, ni sawa. Maji yakitiririka, bado yamelowa mno, na nyuzi zitakosa hewa. Subiri yapoe kabisa, kwani mbegu ikiwekwa kwenye mabua ya moto hufa.

Mbegu ya uyoga si punje kama ya mahindi. Ni nafaka, mara nyingi mtama au ngano, iliyokwisha kuenewa na nyuzi za kuvu katika maabara safi, kama ile ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja. Mbegu nzuri ni nyeupe kote. Ukiona doa la kijani au jeusi, irudishe. Nawa mikono, ipanguse kwa spiriti, kisha changanya gramu 30 hadi 50 za mbegu kwa kila kilo 1 ya mabua yaliyolowa.

Hesabu yake iko wazi. Kilo 1 ya mabua makavu ikitunzwa vyema inaweza kutoa kati ya gramu 500 na kilo 1 ya oista mbichi. Mwenye mifuko 50 ya kilo 1 kavu kila mmoja anaweza kutarajia kilo 25 hadi 50. Ukungu ukichukua mifuko 20, ameshapoteza kilo 10 hadi 20, na kuni na mbegu alikwisha lipia.

Kutoka uzi hadi tunda

Weka mifuko penye giza na ujoto. Baada ya wiki 2 hadi 4 nyuzi zitakuwa zimeenea na mfuko kuwa mweupe. Sasa kuvu imeshiba na iko tayari kuzaa, lakini hungoja dalili kwamba msimu umebadilika: ubaridi, unyevu, mwanga kidogo na hewa safi. Hapa wakazi wa nyanda za chai wana bahati. Hali ya hewa yetu ya ubaridi na mvua nyingi huifaa oista, na pia uyoga wa batoni, ingawa batoni huhitaji mboji maalumu na kazi zaidi.

Toboa mifuko, nyunyizia maji sakafuni na kutani mara kadhaa kwa siku, na ufungue madirisha yenye wavu wa kuzuia nzi. Kuvu hupumua kama sisi. Ukiona shina refu na kofia ndogo, uyoga unalalamika kwamba hewa imechafuka. Chuma kabla kingo za kofia hazijapinda juu. Ukichelewa, chembe za uzazi hujaa chumbani na zinaweza kudhuru mapafu, kwa hiyo vaa barakoa.

Mfuko hutoa mavuno mara 3 au 4. Masalio yake ni mbolea nzuri ya mboga. Yale yaliyoshikwa na ukungu yatoe mbali na banda siku hiyo hiyo.

Katika sufuria

Karibu asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji, hivyo gramu 100 zina takriban gramu 3 tu za protini. Ukikaushwa, protini ni kama robo ya uzito wake. Una pia vitamini za kundi B. Ukianikwa juani, kitu kilichomo kiitwacho ergosteroli hugeuka kuwa vitamini D. Upike vizuri, kwa maana kuta za chembe zake zina kitini, kitu kile kile kilicho kwenye ganda la panzi, na tumbo halikisagi kwa urahisi.

Je, ni dawa?

Ndani ya uyoga mna viungo ambavyo wanasayansi wamevichunguza kwa miaka mingi. Kutoka uyoga wa shitake, watafiti wa Japani walitenga lentinani, na madaktari wa huko wameitumia kwa sindano pamoja na matibabu ya saratani ya tumbo. Zingatia maneno hayo: iliyosafishwa, kwa sindano, pamoja na matibabu. Bakuli la mchuzi au unga wa kopo si kitu hicho. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au saratani ale uyoga kama chakula, na asiache dawa za hospitali kwa ahadi ya mchuuzi.

Onyo kuhusu uyoga wa porini

Uyoga unaoota kwenye vichuguu wakati wa mvua umeliwa tangu zamani, na wazee wanaoujua wanautambua. Lakini kuna uyoga wa sumu unaofanana na unaoliwa, na sumu kali zaidi haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Tumbo laweza kuanza kuuma baada ya saa 6 au zaidi, kisha likatulia huku ini likiendelea kuharibika. Mtu akishukiwa kuula, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande kilichobaki. Usingoje nafuu.

Anza na mifuko 10

Usikope kwa ajili ya banda kubwa. Anza na mifuko 10, andika tarehe na kilo za kila mfuko, na utafute mnunuzi kabla ya kuchuma, kwani uyoga mbichi haukai siku nyingi. Mifuko 9 kati ya 10 ikiwa meupe bila kijani, ongeza. Ikipungua, rudi kwenye pipa la kupikia kabla ya kununua mbegu nyingine. Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako.