Kumenya Waya Bila Kujeruhi Shaba

Waya wa spika unaokatika pale pale ulipolehemiwa, mara nyingi ulianza kukatika siku ulipomenywa. Ulimenywa kwa meno au wembe, nyuzi mbili tatu zikaondoka pamoja na ganda, na mtikisiko ukamaliza zilizobaki. Kwa hiyo fundi wa elektroniki awe na koleo la kumenyea waya linalolingana na kazi yake.

Kabla ya kulinunua, soma namba zilizo kando ya matundu. Makoleo mengi yametengenezwa kwa ajili ya nyaya nene za nyumba, na huishia namba 20 au 22 za kipimo cha AWG. Katika kipimo hicho, namba ikipanda waya huwa mwembamba zaidi: 22 una kipenyo cha milimita 0.64, na 30 una 0.25 tu. Chagua koleo la 20 hadi 30. Lile linalojipima lenyewe huharakisha kazi ya nyaya nene, lakini kwenye nyembamba huteleza au kunyofoa nyuzi. Mwenye fedha ya koleo moja anunue la matundu.

Chomoa kifaa kwenye umeme kwanza. Vishikio vya plastiki si kinga, isipokuwa vimeandikwa volti 1000.

Kama hujui namba ya waya, anza na tundu kubwa, kisha shuka moja moja hadi ganda litoke bila shaba kuguswa. Funga koleo, zungusha kidogo, vuta ukifuata mstari wa waya. Milimita 3 zinatosha kulehemu kwenye bodi. Waya wa kuchomeka kwenye bao la majaribio unahitaji 6 au 7.

Kisha itazame ncha kwenye mwanga mzuri. Ukiona mkwaruzo unaong'aa ulioizunguka shaba kama pete, waya utavunjika hapo hapo. Chungulia pia ndani ya ganda ulilolitoa: vipande vya shaba humo ni nyuzi zilizopungua. Kata, menya upya, hata kama mteja anasubiri. Ndiyo maana waya uachwe mrefu kidogo tangu mwanzo.

Kiberiti kisitumike kabisa. Ganda la PVC likiungua hutoa moshi unaodhuru mapafu, na shaba iliyoingia weusi haishiki risasi.

Kwa mazoezi, tafuta mabaki ya kebo ya mtandao: ndani mna nyaya nane, kwa kawaida za namba 24.